Ile C ya pili si kosa la uchapaji

Swali kutoka Arusha:

"Shikamoo mzee. Nimemaliza stashahada ya uhandisi mitambo Chuo cha Ufundi Arusha, na kwa sasa niko gereji moja mtaa wa Unga Limited. Kazi yetu kubwa ni Land Cruiser za kampuni za utalii. Nimeitwa usaili Dar es Salaam, nafasi ya kadeti wa injini kwenye meli ya mizigo. Kaka mmoja aliyenitangulia amenitumia picha ya kibati cha injini ya meli yao. Kimeandikwa MITSUI-MAN B&W 6S50MC-C7, 9,480 kW, 127 r/min. Cha jenereta kinaanza na YANMAR 6EY18. Nina maswali manne. Mwenye injini ni nani, Mitsui au MAN? Ile C iliyorudiwa ni kosa la uchapaji? Wanasema namba ya kwanza ni idadi ya silinda, mbona 1HZ ya Land Cruiser tunayoifungua kila siku ina silinda sita? Na 50 ni nini, ni lita?"

Jibu kutoka Moshi:

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuitwa.

Naanza na C, maana C hiyo hiyo imewahi kutugharimu. Nilikuwa injinia wa tatu kwenye meli yenye injini ya S50MC-C kama ya kaka yako. Laina, yaani ganda la ndani, ya silinda namba nne ilichubuka mpaka ikawa haifai, tukaomba nyingine. Ofisi iliyokuwa ikituagizia spea ikajaza fomu "S50MC" na kuishia hapo. Laina ikaletwa mpaka tulipotia nanga nje ya Durban, ikapandishwa kwa winchi, sanduku likafunguliwa. Sekondi injinia akashusha futi kamba, akapima, akapima tena, kisha akakaa kimya. Kipenyo kilikuwa sawasawa, sentimita 50. Urefu ndio uliokataa. Tukang'oa nanga vile vile, silinda namba nne imefungiwa mafuta, meli ikijikokota kwa nguvu ndogo hadi bandari iliyofuata. Alama mbili zilikuwa zimesahaulika kwenye karatasi: kistari na C.

Kwa hiyo C ya pili haikurudiwa kwa bahati mbaya. C mbili hizo zina kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza, iliyoshikana na M, inasema pampu za mafuta na valvu za ekzosi zinaendeshwa na kamshafti. Ya pili, iliyo baada ya kistari, inasema injini ilisanifiwa upya iwe fupi na iliyoshikana zaidi. Kwenye S50MC, umbali kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 890. Kwenye S50MC-C ni milimita 850. Na stroki, yaani safari ya pistoni kutoka juu hadi chini, ilikuwa milimita 1,910 kwenye MC, ikawa 2,000 kwenye MC-C. Sentimita tisa hizo ndizo zilizotukwamisha Durban. MC na MC-C ni ndugu wa baba mmoja, lakini hawaazimani nguo.

Usije ukadhani kwamba C ya pili siku zote huongeza stroki. Iko injini nyingine ya familia hiyo, K98, iliyofungwa kwenye meli kubwa za kontena. K98MC ina stroki ya milimita 2,660. Ukiongeza kistari na C, stroki inashuka hadi 2,400. Herufi ile ile, kwa wasanifu wale wale, huku imerefusha na kule imefupisha. Ndiyo maana ninawaambia vijana kwamba herufi inakuonyesha ni toleo lipi, lakini vipimo vyenyewe unavitoa kwenye kitabu cha injini hiyo.

Sasa tulisome jina lote kutoka kushoto.

6 ni idadi ya silinda. Hapa swali lako la 1HZ ni zuri mno, kwa sababu wengi hawaliulizi, kisha wanaenda kukosea mbele. Kwa Toyota, tarakimu ya kwanza haihesabu silinda. Inasema hii ni injini ya ngapi katika ukoo wake. 1HZ ni ya kwanza katika ukoo wa HZ, na ukoo huo una silinda sita. Lakini lori la Canter likiingia gerejini kwenu na injini ya 4D33, ile 4 ni silinda nne kweli, na D ni dizeli. Isuzu nao vivyo hivyo: 6HK1 ina silinda sita. Kwa hiyo hata kabla hujaiona bahari, tayari umekuwa ukisoma lugha mbili tofauti za majina katika uwanja mmoja wa gereji. Baharini ni hivyo hivyo, ila lugha ni nyingi zaidi. Kabla ya kutafsiri herufi, jiulize kwanza ni nani aliyelitunga jina hilo.

S nitairudia baada ya kidogo, kwa sababu haieleweki bila 50.

50 ni kipenyo cha silinda kwa sentimita. Sio lita. Ingekuwa lita, ungeshangaa jinsi ilivyo ndogo, kwa sababu silinda moja ya injini hiyo inabeba karibu lita 393. Fikiria pipa la mafuta la lita 200, lile la chuma mnaloweka oili chafu. Silinda ya S50 ni nyembamba kidogo kuliko pipa hilo, lakini pistoni yake inasafiri mita mbili nzima, kimo cha mlango wa nyumba. Ukiyapanga mapipa mawili, moja juu ya jingine, umekaribia kabisa picha ya silinda moja. 1HZ nzima, silinda zake zote sita, ni lita 4.2. Silinda moja ya huyo mnyama inameza 1HZ zaidi ya tisini.

Sasa turudi kwenye S. Kwenye 1HZ kipenyo ni milimita 94 na stroki ni milimita 100, yaani karibu sawa. Kwenye S50MC-C kipenyo ni 500 na stroki ni 2,000: stroki imekizidi kipenyo mara nne. Herufi hii ndiyo inayotaja uwiano huo. K ni stroki fupi, L ni ndefu, S ni ndefu sana, na G, iliyokuja karibu na mwaka 2010, ni ndefu kupita zote. Kwa K98MC-C uwiano ni kama 2.45. Kwa S60MC-C ni 4.0. Kwa G60ME-C ni 4.65, maana silinda ya sentimita 60 imepewa stroki ya milimita 2,790.

Watu wengi huzikariri herufi hizi nne na kuishia hapo. Mimi ningependa uende na sababu, kwa sababu ukiijua sababu hutasahau herufi. Meli ya namna hii haina giaboksi. Kranki shafti imeunganishwa moja kwa moja na shafti ya propela, kwa hiyo mizunguko ya injini ndiyo mizunguko ya propela. Propela kubwa inayozunguka polepole inasukuma maji kwa hasara ndogo kuliko propela ndogo inayokimbia. Msanifu akitaka kupunguza mizunguko bila kupoteza nguvu, dawa yake ni kurefusha stroki ili kila mzunguko ufanye kazi kubwa zaidi. S60ME-C inafika mizunguko 105 kwa dakika, G60ME-C inaishia 97. Tofauti ya mizunguko minane inaonekana ndogo, lakini meli inayokaa baharini mwaka mzima ikichoma tani kwa tani za mafuta kila siku inaiona kwenye hesabu. K nayo ilikuwa na mahali pake: meli za kontena za zama zile zilitaka kasi kubwa na nguvu nyingi, na propela zao zilivumilia mizunguko zaidi ya mia moja.

Stroki ndefu ina gharama yake. Kwenye 1HZ konrodi, ile fimbo inayotoka kwenye kranki shafti, inashika pistoni moja kwa moja na kuyumba ndani ya silinda. Stroki ikiwa mara nne ya kipenyo, konrodi inayoyumba hivyo ingegonga ukingo wa chini wa laina. Kwa hiyo pistoni inapewa fimbo iliyonyooka, ishuke wima hadi kwenye krosihedi, yaani kiungo kinachoteleza wima kati ya fimbo hiyo na konrodi, na konrodi ianzie kuyumba pale chini. Ndiyo sababu injini hizi ni ndefu kwenda juu kama nyumba ya ghorofa, na utazipanda kwa ngazi. Usaili wowote wa maana watakuuliza krosihedi ni nini. Ukijibu kwa kuanzia kwenye stroki, watajua hujakariri.

M imebaki kuwa jina la familia, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Herufi inayoifuata ndiyo ya kuangalia. C, nimeshasema, ni kamshafti. Ukikuta E badala yake, yaani ME, ujue kamshafti imeondolewa: kompyuta inaamua lini mafuta yaingie na lini valvu ya ekzosi ifunguke, na mafuta ya haidroliki yenye presha ndiyo yanayofanya kazi ya kusukuma. Ukikuta ME-B, ni njia ya katikati: mafuta yanaingizwa kielektroniki, lakini valvu za ekzosi bado zinafunguliwa na kamshafti. Kwa fundi tofauti hii si ndogo. Kwenye MC unarekebisha kwa shimu na geji. Kwenye ME unashinda mbele ya skrini kabla hujagusa spana.

Na 7 ya mwisho? Hiyo ni toleo la maendeleo, na kwangu ndiyo tarakimu tamu kuliko zote, kwa sababu unaweza kuithibitisha kwa penseli. Chukua karatasi.

Eneo la pistoni: 0.785 mara 0.5 mara 0.5, ni mita za mraba 0.196. Zidisha kwa stroki ya mita 2, unapata mita za ujazo 0.393. Injini ni ya stroki mbili, kwa hiyo kila mzunguko kuna mwako mmoja: mizunguko 127 kwa dakika ni miwako 2.117 kwa sekunde. Sasa presha ya wastani inayoisukuma pistoni kuelekea chini. Kwa toleo la 7 ni bar 19, yaani 1,900 kwa kipimo cha kilonewtoni kwa mita ya mraba. Zidisha vyote vitatu: 0.393 mara 2.117 mara 1,900. Unapata kama kilowati 1,580 kwa silinda. Mara sita, 9,480. Ni ile ile namba iliyo kwenye kibati cha kaka yako.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Toleo la 8 la injini hiyo hiyo, kipenyo kile kile, stroki ile ile, mizunguko ile ile, limepandishwa presha hadi bar 20. Rudia hesabu: 1,660 kwa silinda, 9,960 kwa silinda sita. Bar moja imeleta karibu kilowati mia tano. Rudi nyuma kwenye S50MC ya zamani, stroki 1.91 na presha bar 18: unapata 1,430 kwa silinda. Injini tatu, zote zinaitwa S50, zote mizunguko 127, nguvu tatu tofauti. Kila bar iliyoongezwa inabebwa na beringi, na fimbo, na ringi, na kwa hiyo sehemu nyingi zimebadilishwa ili zivumilie. Mtu anayekuambia "S50 ni S50" hajawahi kuagiza spea.

Hesabu hiyo ifanye kwa mkono wako mara tatu nne kabla ya usaili. Ukipewa ubao na chaki ukaifanya mbele yao, utakuwa umejibu maswali kumi kwa mkupuo.

Lakini kuna mtego hapa. Kilowati 9,480 zilizo kwenye kibati zimelingana na hesabu yetu kwa sababu mwenye meli huyo aliinunua injini kwa nguvu yake kamili. Wengi hawafanyi hivyo. Mwenye meli anaweza kuchukua 6S50MC-C7 na kuomba ifungwe kwa nguvu ndogo na mizunguko michache zaidi, ili itumie mafuta kidogo na ilingane na propela aliyoichagua. Jina halibadiliki hata herufi moja. Ukikuta injini ya jina hilo na kibati kinasema kilowati chache kuliko unavyotarajia, usidhani imechoka. Jina linakueleza mwili wa injini na ukoo wake. Nguvu iliyokubaliwa inasomwa kwenye kibati na kwenye karatasi za majaribio ya kiwandani, na injini isilazimishwe kupita hapo hata kama mwili wake unaweza.

Kuhusu Mitsui na MAN: wote wawili. MAN ni ya Augsburg, Ujerumani, mahali ambapo Rudolf Diesel aliifanyia injini yake majaribio yaliyofanikiwa mwaka 1897. B&W ni Burmeister & Wain wa Copenhagen, walioijenga Selandia, meli kubwa ya mwanzo ya kuvuka bahari kwa injini za dizeli, iliyoanza safari mwaka 1912. MAN iliichukua kazi ya dizeli ya B&W mwaka 1980, na usanifu wa injini kubwa za stroki mbili ukabaki Copenhagen. Kampuni yenyewe imebadilisha jina zaidi ya mara moja. Mwaka 2018 ilijiita MAN Energy Solutions, na mwaka 2025 ikawa Everllence. Ukikuta kitabu kipya chenye jina hilo usishangae, ni watu wale wale. Wao wanasanifu, na kwa sehemu kubwa wengine ndio wanaojenga kwa leseni: Mitsui na Makita kule Japani, Hyundai Korea Kusini, Hudong China, na wengineo. Kwa hiyo kibati kinataja mjenzi kwanza, kisha mwenye usanifu. Unapoagiza spea, mjenzi na namba ya injini aliyoigonga yeye vinahitajika, kwa sababu wajenzi wawili wanaweza kutofautiana kwenye vitu vidogo vya pembeni hata kama moyo wa injini ni mmoja.

Ukihama nyumba ya MAN, sahau nilichokufundisha juu ya C. Sulzer wa Winterthur, Uswisi, walikuwa na injini iitwayo RTA. RTA84C na RTA84T zote zina kipenyo cha sentimita 84, lakini C ya kwao ni ya meli za kontena na T ni ya meli za mafuta. Stroki ya C ni milimita 2,400, ya T ni 3,150. Ukichukulia kwamba C ni "iliyoshikana" kama kwa MAN, umepotea kabisa. Sulzer waliungana na Wärtsilä mwaka 1997, na RTA iliyoondolewa kamshafti na kuwekewa reli ya pamoja ya mafuta ikaitwa RT-flex. Reli hiyo utaielewa upesi, ni wazo lile lile mnalolikuta kwenye Land Cruiser mpya. Tangu mwaka 2015 nyumba hiyo ya Winterthur inaitwa WinGD, na injini zake za sasa zinaanza na X: X72 ni sentimita 72, na ukikuta DF mwishoni inachoma gesi na mafuta pia.

Jaribu kujisomea hii mwenyewe kabla hujaendelea: 14RT-flex96C. Ndiyo iliyofungwa kwenye Emma Mærsk, meli ya kontena ya mwaka 2006. Silinda 14, reli ya pamoja, kipenyo sentimita 96, ya meli za kontena. Ilitoa kilowati 80,080 kwa mizunguko 102 kwa dakika. Umeona? Tayari unasoma.

Mitsubishi walikuwa na injini iitwayo UEC hadi mwaka 2017. 6UEC60LSII ni silinda sita za sentimita 60, na LS inahusu stroki ndefu. Hao nawapita haraka, kwa sababu ukishaelewa nyumba mbili za kwanza, ya tatu haikupi shida.

Majina mapya yana mkia mrefu. 6G60ME-C9.5-GI, kwa mfano, inaongeza nukta na tarakimu ya pili kwenye toleo, halafu inasema GI, yaani gesi inaingizwa kwa presha kubwa. LGIM ni ya methanoli, LGIP ni ya gesi ya mitungi. Mara nyingine unakuta TII, alama ya kiwango cha pili cha moshi wa oksidi za naitrojeni kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri Baharini, IMO. Kiwango hicho kilianza kwa meli zilizoanza kujengwa mwaka 2011, na kwa injini zinazozunguka chini ya mizunguko 130 kwa dakika kinaruhusu gramu 14.4 kwa kila kilowati-saa. Hili nalo linagusa spea. Injini ina jalada lake la moshi, na ndani yake zimeorodheshwa sehemu zinazoathiri uchomaji, kama nozeli, pamoja na alama zinazotakiwa kugongwa juu yake. Nozeli inayoingia vizuri kwenye tundu lakini haina alama iliyo kwenye jalada inaweza kuifanya meli ikwame kwenye ukaguzi. Kwenye gereji tumezoea kusema "ikikaa, imekaa." Baharini msemo huo uuache Unga Limited.

Sasa jenereta. Hizi ni stroki nne, ndogo, zinakimbia, na hapa ndipo utajisikia nyumbani. Yanmar 6EY18 ni silinda sita, EY ni familia, 18 ni kipenyo kwa sentimita. Stroki ya injini hiyo ni milimita 280, lakini jina halikuambii. MAN kwenye stroki nne wao wanakuambia vyote viwili: 6L16/24 ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kipenyo sentimita 16, stroki 24. Ukikuta V badala ya L, zimepangwa pande mbili. Angalia tu kwamba namba hizo huzungushwa: L23/30H ina kipenyo cha milimita 225, sio 230. Usikate ringi wala usiagize kwa kuzidisha namba ya jina kwa kumi. Wärtsilä wanaandika 6L20 au 12V46, ni kipenyo tu. Kwenye zile za zamani za Vasa, kama 6R32, R inashika nafasi ya L.

Halafu Wamarekani, ambao utawakuta zaidi kwenye tagi na boti za bandarini. Caterpillar 3516 ni ya familia ya 3500, na tarakimu mbili za mwisho ndizo silinda, 16. Kwa hiyo 3508 ina nane. Cummins KTA38 ndiyo inayokurudisha kwenye wazo lako la lita, na kwa hiyo halikuwa wazo la kijinga: K ni familia, T ni tabo, A inaonyesha hewa inapoozwa baada ya tabo, na 38 ni lita za injini nzima. Detroit nao, kwenye 8V-71, ile 71 ni inchi za ujazo za silinda moja. Unaona sasa kwa nini nimesema uanze na mwenye jina. 50, 38, 71, 3516: namba nne, na hakuna mbili zinazopima kitu kimoja.

Siku ya usaili, wakikuonyesha jina usilolijua, sema kwanza jina la mtengenezaji, kisha soma kile ulicho na uhakika nacho, na ukifika kwenye herufi usiyoijua sema wazi kwamba utaitafuta kwenye kitabu cha injini. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo mara kadhaa. Kijana anayebuni maana ya herufi ndiye nisiyeweza kumwacha peke yake na fomu ya spea.

Kibati cha jenereta kwenye picha yako kimekatika baada ya 18. Zipo herufi nyingine hapo kulia, na namba ya injini iko chini yake. Mwombe kaka yako apige tena, afute oili kwanza, na kibati kionekane chote mpaka skrubu za pembeni. Ukiipata nitumie, tuimalizie.